Inda na Upanga: Kuzisoma Hadithi Fupi za Roald Dahl

Miongoni mwa Wazungu walioishi Dar es Salaam katika mwaka wa mwisho kabla ya Vita Kuu ya Pili alikuwapo kijana mmoja mrefu ajabu, mtumishi wa kampuni ya mafuta ya Shell. Alifika pwani yetu mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 22. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba wenye mashamba na wenye migodi wa Tanganyika wanapata mafuta ya mitambo yao. Alizaliwa Wales tarehe 13 Septemba 1916, wa baba na mama Wanorwe, na jina lake ni Roald Dahl. Dunia ya leo inamjua zaidi kwa vitabu vya watoto. Lakini kabla ya hivyo, na sambamba navyo, aliandika hadithi fupi za watu wazima: *Over to You* ya mwaka 1946, *Someone Like You* ya 1953, *Kiss Kiss* ya 1960, na nyinginezo zilizoendelea hadi miaka ya 1980.

Wanaozisoma hadithi hizo hukubaliana juu ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba mtu huyu alijua kusimulia; hadithi yake haiwekwi chini kabla ya kwisha. La pili ni kwamba alikuwa na inda. Nalitumia neno hili kwa makusudi. Inda si hasira, wala si ukatili wa wazi. Ni ile furaha ndogo ya mtu anayemwona mwenzake akielekea shimoni naye akanyamaza ili aone ataangukaje. Je, mwalimu amfanye nini mwandishi wa namna hiyo?

Swali hili linatuhusu sisi wa Masaka kwa sababu maalumu. Nasema Masaka ya Kigali, katika wilaya ya Kicukiro, si ile ya Buganda ambayo wasomaji wetu wa Uganda wataidhania kwanza. Tangu serikali ya Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, vijana wetu wamekuwa wakikutana na hadithi za Kiingereza wangali wadogo. Na tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi mwaka 2017, mwalimu wa Kiswahili naye amepata haki ya kuulizwa juu ya hadithi hizo. Mwanafunzi husoma kwa lugha moja, husimulia kwa lugha ya pili, na maana huitafuta katika ya tatu. Zaidi ya hayo, Kigali na Dar es Salaam si miji iliyokutana juzi. Kigali, iliyoanzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, ilikuwa chini ya bendera moja na Dar es Salaam hadi mwaka 1916, Wabelgiji walipoingia huku na Waingereza wakashika kule. Mwaka huo Dahl ndipo alipozaliwa.

Sikusudii kubishana kama asomwe au asisomwe. Anasomwa tayari. Nataka kumwuliza swali moja tu, hadithi baada ya hadithi: katika kisa hiki, ni nani anayepewa sababu ya kutenda alivyotenda, na ni nani anayenyimwa?

Tuanze na kisa kilichotoka kwetu. Mwaka 1986 Dahl alichapisha kitabu cha maisha yake ya ujana, *Going Solo*, na humo mna sura ya mtumishi wake wa nyumbani aitwaye Mdisho. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, Dahl alipewa askari wa King's African Rifles akatumwa kuziba barabara ya kusini, ili Wajerumani wasikimbilie nchi ya Wareno. Aliporudi nyumbani alikuta upanga wa Kiarabu uliokuwa umetundikwa ukutani haupo, na Mdisho hayupo. Kijana akarejea usiku akihema, na upanga umejaa damu. Alikuwa amekimbia hadi nyumbani kwa Mjerumani mmoja tajiri, mwenye shamba la katani, akamkata kichwa. Kwa nini? Kwa sababu bwana wake alimwambia kwamba sasa kuna vita na Wajerumani. Dahl anamweleza kwa upole kwamba asimwambie mtu yeyote, kisha anampa upanga ule uwe wake.

Ni kisa kitamu, na msomaji wa Kizungu hukifunga akimpenda Mdisho. Lakini mwanahistoria ana maswali. Agosti 1943, Dahl alipokuwa Washington, gazeti la *Atlantic Monthly* lilichapisha hadithi fupi yake iitwayo "The Sword", na kisa chake ni hicho hicho cha mtumishi, upanga na Mjerumani. Mwaka 1943 ilikuwa hadithi ya kubuni. Baada ya miaka 43 ikawa kumbukumbu ya maisha. Kwa mwandishi huo ni ufundi wa kutumia kitambaa kimoja mara mbili. Kwa Mdisho si jambo dogo: katika hadithi ya kubuni hakuna aliyeuawa, na katika kumbukumbu mtu mwenye jina na kabila lake ametajwa kuwa muuaji mbele ya wasomaji wa dunia nzima.

Na kabila lenyewe limeandikwaje? Dahl anamwita "Mwanumwezi". Kila mwalimu wa Kiswahili ataona mara moja kwamba alikusudia Mnyamwezi. Jina hilo, ambalo aghalabu hufasiriwa kuwa ni la watu wa upande unakoandama mwezi, lilijulikana pwani nzima tangu zama za misafara. Wanyamwezi ndio waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Wanyamwezi ndio waliokuwa na Mirambo, aliyefariki mwaka 1884 baada ya kuitikisa njia yote ya biashara kati ya Tabora na Ujiji. Mtu aliyekaa mwaka mzima nyumba moja na kijana wa watu hawa, naye akijisifu kwamba amejifunza Kiswahili, hakuweza kuliandika jina la watu wake sawasawa, si mwaka 1939 wala mwaka 1986. Nadhani hakuwahi kumwomba Mdisho alitaje taratibu.

Kosa la tahajia tungelisamehe, maana sote twalitenda. Lisilosameheka kwa urahisi ni pengo lililo nyuma yake. Dahl anatuambia kwamba watu wa Mdisho ni mashujaa wa vita waliowahi kuwashinda Wamasai, na kwamba damu hiyo ndiyo iliyomchemka. Kwa haki nikiri kwamba anamtaja pia Mjerumani yule kuwa mkatili kwa vibarua wake, hodari wa kuwapiga mijeledi. Lakini hayo yanatajwa kupunguza huruma yetu kwa marehemu, si kueleza nia ya kijana. Nia ya kijana imeachwa iwe ya mtoto: kaambiwa vita, kaenda vitani.

Basi tukumbuke kisichotajwa. Katika Unyanyembe, karibu na Tabora, Mtemi Isike aliwapinga Wajerumani kwa silaha. Boma lake lilipovunjwa Januari 1893, aliwasha baruti kuliko kutekwa akiwa hai. Kutoka siku hiyo hadi Dahl aliposhuka Dar es Salaam ni miaka 45. Mnyamwezi wa makamo aliyekuwa hai mwaka 1939 alikuwa na baba aliyeusikia mlipuko ule au aliyewajua waliousikia. Yakaja baadaye mashamba ya katani, yakaja kodi, ikaja ile adhabu ya viboko ambayo wazee wetu waliiita *hamsa ishirini*. Sisemi kwamba Mdisho aliwaza haya usiku ule. Siwezi kuingia kifuani mwake, na huenda usiku wenyewe haukuwapo. Nasema kwamba mwandishi aliyetaka kumpa sababu alikuwa nayo karibu, jikoni mwake, na alihitaji kuuliza tu. Alimpa upanga, akamnyima babu.

Huku ndiko inda ya Dahl ilikojificha, na si pale wengi wanapoitafuta. Watu hutaja damu na vifo. Lakini damu imo hata katika ngano zetu. Bakame wa ngano za Rwanda, ambaye pwani ni Sungura, amemfanyia Fisi mambo ambayo yangetendwa na binadamu tungeita polisi. Na Abunuwasi hakuwa mtu wa huruma. Watoto hucheka, na wana haki ya kucheka, kwa sababu wanajua Fisi ni nani na amefanya nini jana. Kisa kina historia. Dahl, anapokuwa Afrika, hutuonyesha kitendo kikiwa uchi.

Katika *Over to You* mna hadithi moja iliyowekwa Kenya, "An African Story". Mzee wa Kizungu anaishi shambani milimani na mfanyakazi wake Mzungu, Judson, asiyevumilia kelele yoyote, ambaye amemwua mbwa wa mzee kwa sababu ya mlio wa kujilamba. Kisha ng'ombe anakosa maziwa. Mzee anagundua kwamba anayenyonya usiku ni nyoka mweusi, koboko; hamwambii Judson, bali anampanga alale nyasini kumvizia mwizi. Yaliyobaki msomaji ameyabashiri. Mfugaji yeyote wa Kicukiro atasema kwamba nyoka hana midomo ya kunyonya chuchu, lakini tuliache hilo, ni hadithi. Mimi hunisimamisha jambo lingine. Wizi unasingiziwa Wakikuyu, na hakuna Mkikuyu hata mmoja anayetokea kusema lolote. Wazungu wawili wana chuki, kisasi na huzuni ya mbwa. Wenye nchi wana tuhuma tu. Ilichapishwa mwaka 1946. Miaka 6 baadaye, Oktoba 1952, serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau, na hapo dunia ikashangaa kwamba kumbe watu wale walikuwa na sababu.

Ningekoma hapa makala haya yangekuwa mashtaka, nayo yangekuwa ya uongo, kwa kuwa Dahl huyu huyu aliweza kufanya kinyume. Hadithi yake "Poison", ya mwaka 1950, iko India ya wakoloni. Harry Pope amelala kitandani ametulia kama gogo, akisema kuna nyoka wa sumu juu ya tumbo lake, chini ya shuka. Anaitwa daktari Mhindi, Ganderbai. Kwa kurasa nzima tunamwona mtu huyu akifanya kazi: anafikiri, anachoma dawa ya kinga mkononi mwa mgonjwa, anamimina dawa ya usingizi kitandani tone kwa tone ili nyoka alale. Shuka inapofunuliwa, hamna nyoka. Daktari anauliza kwa adabu kama mgonjwa ana hakika alimwona. Hapo Harry anasimama juu ya kitanda akamtukana matusi ya rangi na asili yake. Daktari anaondoka, na neno lake ni kwamba mgonjwa anahitaji likizo.

Ndugu walimu, hii ni hadithi ya kufundishwa. Sumu iliyotajwa katika jina lake haikuwa ya nyoka, na mwandishi hasemi hivyo popote. Angalieni pia jinsi sababu zilivyogawiwa: Ganderbai ana ujuzi, ana subira, ana heshima ya kazi, Harry ana hofu yake tu, na hofu ilipokwisha akabaki na aibu aliyoihamishia kwa mwenziwe. Kisu cha Dahl, ambacho Tanganyika kilikata penye wanyonge, hapa kimegeukia juu. Kwa nini India na si Dar es Salaam? Jibu langu, ambalo ni dhana, ni kwamba daktari alikuwa na cheo ambacho Dahl alifundishwa kukiheshimu. Mdisho hakuwa nacho.

"Lamb to the Slaughter", ya mwaka 1953, naipita haraka kwa sababu inajulikana mno: mke anamwua mume wake polisi kwa paja la kondoo lililoganda, kisha analipika na kuwalisha wapelelezi. Wanafunzi huishangilia. Waulizwe tu kama wamesikia mume alisema nini jioni ile. Hawakusikia, maana Dahl hakuyaandika maneno yake.

Nafika sasa kwenye hadithi ambayo kuisoma nchini Rwanda ni tofauti na kuisoma penginepo. Imo katika *Kiss Kiss* na inaitwa "Genesis and Catastrophe". Katika mji mdogo mpakani mwa Austria na Ujerumani, mwanamke amejifungua. Watoto wake watatu wamekwisha kufa. Mumewe ni mlevi na mkali. Mama analia, anamsihi daktari, anamwomba Mungu: huyu aishi, huyu tu aishi. Nasi wasomaji tunaomba pamoja naye, kwa moyo wote, mpaka jina la familia linapodondoka katikati ya mazungumzo na damu yetu ikaganda. Ni Hitler, aliyezaliwa Braunau tarehe 20 Aprili 1889.

Inda ya mwandishi hapa ametugeuzia sisi. Ametutega tumwombee uhai mtu huyo. Wako wanaochukia hadithi hii na kuiona mzaha juu ya makaburi. Mimi siioni hivyo. Mtoto yule hana hatia. Mama yule ana haki ya kulia. Na hakuna chochote katika chumba kile kinachoonyesha kwamba mamilioni watakufa. Maana yake ni kwamba kilichokuja kilitengenezwa baadaye, na watu, kwa mikono na vinywa vyao. Sisi wa hapa tunalijua hilo. Kangura lilichapisha zile zilizoitwa amri kumi za Wahutu Desemba 1990. Redio RTLM ilianza Julai 1993, na wasikilizaji waliipenda kwanza kwa muziki na mizaha yake. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo hivyo Desemba 2003. Na si mbali na Masaka, huko Kabuga, mwaka 2018, yaani miaka 24 baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, makaburi ya halaiki yalifukuliwa chini ya nyumba ambamo watu walikuwa wakiishi.

Kwa hiyo ni vigumu sana kuyapokea yaliyofuata. Mwaka 1983, katika mahojiano na gazeti la *New Statesman* la London, Dahl alisema kwamba katika tabia ya Wayahudi kuna kitu kinachochochea uadui, na kwamba hata Hitler hakuwachagua wao bila sababu. Bila sababu! Mtu aliyemnyima Mdisho sababu ya kuinua upanga, sasa alikuwa tayari kuwapa waliouawa sababu ya kuuawa. Hayo hayakusemwa na mhusika wa kubuni bali na mwandishi mwenyewe, mzee wa miaka 66, akijua anahojiwa. Alifariki tarehe 23 Novemba 1990. Jamaa zake waliomba radhi hadharani mwaka 2020.

Katika nchi hii kauli ya namna hiyo ina jina lake na ina adhabu yake kisheria, na hakuna mwalimu anayehitaji kuelezwa kwa nini. Yatima aliyekua akiambiwa kwamba wazazi wake "walijitakia" anaijua sauti hiyo, hata ikitoka London kwa lugha nzuri. Ndiyo maana naona si halali kumpa mwanafunzi "Genesis and Catastrophe" bila kumpa pia mahojiano ya 1983. Wala si halali kumpa mahojiano peke yake, kana kwamba mkono uliosema vile haukuandika hadithi inayokanusha maneno yale.

Kuhusu vitabu vya watoto nitasema kidogo, ingawa si hadithi fupi, kwa sababu jambo lenyewe linatugusa. Katika toleo la kwanza la *Charlie and the Chocolate Factory*, la mwaka 1964, wafanyakazi wa kiwanda walikuwa Mbilikimo kutoka msitu wa Afrika, waliosafirishwa ndani ya masanduku na kulipwa punje za kakao. Walipolalamika watu weusi wa Marekani, Dahl aliwabadilisha, na toleo la 1973 lina viumbe wa nchi ya kubuni. Ota Benga, Mbilikimo wa Kongo, aliwekwa katika bustani ya wanyama ya New York mwaka 1906, na alijiua mwaka 1916. Batwa wa Rwanda, wafinyanzi wetu, waliondolewa misituni na wengi bado wanatafuta ardhi. Mtu mwenye jirani wa namna hii halioni sanduku lile kuwa kichekesho.

Mwaka 2023 wachapishaji walibadilisha mamia ya maneno katika vitabu vyake vya watoto, wakafuta yaliyoonekana kuumiza; kelele zilipozidi, wakaahidi kuyachapa pia matoleo ya zamani. Mimi niko upande wa kuyaacha maneno yalivyo kwa msomaji mkubwa. Ukilifuta kosa, umemfutia mwandishi deni lake.

Tukirudi darasani, tatizo huja wakati wa kutafsiri, hasa sura ya Mdisho. Kuna neno moja la Kiingereza ambalo Dahl hulitumia kwa watumishi wote wa nyumba ile, wazee kwa vijana. Kiswahili kimelichukua: *boi*. Mwanafunzi mmoja ataandika "mtumishi", na sentensi itakuwa na adabu ambayo haikuwapo. Mwingine ataandika "kijana", na mpishi mwenye wajukuu atakuwa kijana. Wa tatu ataandika "boi", na darasa litacheka. Mimi huwataka waandike *boi*. Kisha hulipanga ubaoni "Mwanumwezi" kama lilivyo, na pembeni yake "Mnyamwezi", na kumwuliza aliyecheka ni lipi kati ya hayo mawili ambalo Mdisho angelijibu akiitwa.